Chujio likae kwenye bomba la mwenye kuchafua, si jikoni kwa mama

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kalemie juu ya maganda, makala na metali nzito ndani ya maji



Tunaanza na swali ambalo munatutumia kila siku kwenye simu: ni kweli maganda ya ndizi yanasafisha maji? Wengine wametuma na video. Mtu anakata maganda, anayatia ndani ya chupa ya maji, anangoja, anakunywa, anacheka. Video ni ya dakika moja. Jibu letu litakuwa refu kidogo, mutuvumilie, sababu ndani yake kuko kitu kinachoweza kulinda maji yetu, na kuko kitu kinachoweza kuua mtoto kwa siku moja tu.

Kwanza ile sehemu ya kweli. Ganda la ndizi, ganda la muhogo, gunzi la mahindi, ganda la karanga, makapi ya mpunga, yale maganda magumu ya kokwa za mawese: ukivikausha, ukavisaga, ukavitia ndani ya maji yenye metali, vinakamata sehemu ya ile metali. Hii si uchawi. Watafiti wa Brazil walionyesha mwaka 2011 kwamba unga wa maganda ya ndizi unatoa shaba na risasi ndani ya maji ya mto Paraná, na kwamba unga ule ule uliweza kutumika tena hadi mara 11. Tukisema risasi hapa hatusemi ile ya bunduki. Tunasema metali yenyewe, ile inayokaa ndani ya bateri ya gari. Tunajua hapa kwetu neno hilo linashtua watu.

Inafanya kazi namna gani? Fikirieni boti inayotoka hapa kuenda Moba. Iko na fasi zake, tuseme mia moja. Ganda la mmea nalo liko na fasi: ni vikundi vidogo vya oksijeni na haidrojeni kwenye ukuta wa seli, na vinabeba chaji hasi. Metali nyingi zikiyeyuka ndani ya maji zinabeba chaji chanya. Zinavutwa, zinapanda boti, na waliokuwa wameketi tangu mbele, kama kalsiamu na haidrojeni, wanashuka. Njo hivyo tu.

Lakini ukishaelewa boti, unaelewa pia mambo ambayo ile video haikusema. Boti inajaa. Ganda lililojaa halikamati tena, na maji yakibadilika linaweza kurudisha ndani ya maji kile lilichokamata. Tena, kama maji ni machachu, yenye asidi, haidrojeni inakuwa nyingi sana na inakalia fasi zote kabla metali haijafika. Na maji yanayotoka kwenye migodi na viwanda vya shaba mara nyingi ni machachu namna hiyo. Hapo lazima utie chokaa kwanza, kisha maganda. (Mawe ya chokaa, sisi watu wa Kalemie hatuwezi kusema tumekosa. Muulize watu wa Kabimba.) Na kuko abiria ambao hawapandi boti hii kabisa. Arseniki ndani ya maji mara nyingi haina chaji chanya, kwa hiyo ganda la kawaida haliikamati vizuri, inataka kitu chenye chuma. Zebaki nayo inapenda salfa kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo mtu akikuambia "ganda linasafisha maji", muulize: ganda gani, metali gani, maji yenye asidi kiasi gani, na baada ya lita ngapi unabadilisha? Kama hana jibu, ako anakuuzia takataka mara mbili.

Sasa tufike kwenye ile sehemu inayoua.

Munajua Kalemie ni muji wa kolera. Hatuhitaji mtu wa Kinshasa kutuambia. Kila mwaka tunazika. Kinachotulinda, ukitoa sabuni na choo, ni vitu viwili: kuchemsha maji, au klori. Ganda bichi la ndizi ndani ya chupa linafanya nini? Linatoa sukari na rangi, linaanza kuoza, linalisha vijidudu. Umeondoa, labda, metali ambayo hata hukujua kama ilikuwamo, na umetengenezea vijidudu chakula. Njo maana wenye kufanya kazi hii kwa akili hawatumii ganda bichi. Wanalichoma kwanza kwa hewa kidogo, ndani ya pipa lililofungwa, linakuwa makala. Wanayavunja, wanayachekecha, wanayaosha mpaka maji yatoke bila rangi. Makala ya maganda ya kokwa za mawese ni mazuri sana kwa kazi hii, ni magumu na yenye matundu madogo mengi, na maganda hayo kwetu yanatupwa au yanaishia kwenye moto wa kupika.

Lakini sikieni vizuri, sababu hapa hata watu wenye diploma wanaanguka: makala yanakula klori. Mama amechota maji, ametiwa klori ndani ya bido pale kwenye fasi ya kuchotea, amefika nyumbani, kijana wake aliyeona video anapitisha yale maji kwenye chujio la makala. Yanatoka masafi, hayanuki, yanapendeza kwa macho. Na klori imeisha. Kama bido ilikuwa chafu, kama kikombe ni kichafu, hakuna tena kitu cha kupigana na kolera. Utaratibu ni mmoja: mchanga kwanza juu ya matope, makala kisha, klori MWISHO. Mwenye kugeuza utaratibu huo anacheza na maisha ya watu. Na kuchemsha nako hakuondoi risasi wala shaba. Maji yanapungua kwenye sufuria, metali inabaki ile ile, kwa hiyo katika kila kikombe inakuwa nyingi zaidi. Moto ni wa vijidudu. Makala na maganda ni ya metali. Kila dawa na ugonjwa wake.

Munaona tunakoenda. Kulifanya chujio la maganda vizuri kunataka mtu wa kupima maji kabla na baada. Kunataka mtu wa kubadilisha makala kabla hayajajaa. Tena kunataka fasi salama ya kuweka makala yaliyojaa, sababu hayo sasa ni takataka ya sumu: huwezi kuyatupa shambani, huwezi kuyachoma. Kama yamekamata zebaki ukayatia motoni, zebaki inapanda na moshi, inaingia ndani ya mapafu yako na ya majirani. Sasa muambie mama wa Kataki au Kamkolobondo, anayeamka saa kumi ya usiku kutafuta maji, kwamba hiyo yote ni kazi yake. Hapana. Sisi tunakataa.

Msimamo wetu ni huu: chujio la maganda ni kitu kizuri, na fasi yake ni kwenye mdomo wa bomba la mwenye kuchafua. Pale mgodi unapotema maji yake. Pale karakana inapomwaga asidi ya bateri. Pale metali iko nyingi ndani ya maji kidogo, boti inajaa vizuri na inafaa kazi. Ukishaiacha metali iingie mtoni na ziwani, umeitawanya, na hakuna maganda ya jimbo lote yatakayoikusanya tena.

Chukueni hesabu moja. Shirika la Afya Duniani linasema risasi ndani ya maji ya kunywa isipite miligramu 0.01 kwa lita. Maana yake gramu moja tu, kidogo kuliko kifuniko cha chupa, inatosha kuyafikisha maji ya bido 5,000 za lita 20 kwenye mpaka huo. Kwenye bomba ile gramu unaweza kuikamata na gunia la makala. Ikishaingia ndani ya bido 5,000 utaikamata nyumba kwa nyumba?

Na ziwa letu si sawa na mto unaopita ukaondoka na uchafu wake. Tanganyika iko na mlango mmoja tu wa kutokea, ni hii Lukuga inayopita hapa mjini. Sehemu kubwa ya maji haitoki na Lukuga, inapanda hewani na jua. Maji yanapanda, risasi haipandi. Inashuka chini kwenye matope, na ziwa hili liko na zaidi ya mita 1,400 kwenda chini, hakuna atakayeenda kuifagia. Zebaki ni mbaya zaidi, sababu vijidudu vya matope vinaigeuza kuwa aina inayoingia ndani ya nyama ya samaki. Samaki mdogo anakula, mkubwa anamla mdogo, sumu inaongezeka kila hatua. Sisi tuko mwisho wa mstari, na sahani ya ndakala au mikebuka mbele yetu.

Mtasema: lakini Kalemie haina viwanda, Filtisaf ilikufa zamani, tunaogopa nini? Tunaogopa kilicho njiani. Kaskazini, upande wa Fizi, kuko dhahabu ya Misisi, na mashariki yote ya inchi wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kukusanya dhahabu, kisha wanaichoma waziwazi. Hatuwalaumu, wengi ni vijana sawa na sisi, nao njo wa kwanza kuvuta ule moshi. Kusini-magharibi kuko Manono, bati tangu wakati wa ukoloni, na sasa litiamu ambayo makampuni makubwa yanagombania mahakamani. Maji ya Manono hayaji kwetu. Yanafuata Luvua mpaka Ankoro, yanaingia Lualaba, yanashuka Kabalo na Kongolo. Hata vile ni jimbo moja, na mtu wa Kongolo akinywa sumu ni ndugu yetu amekunywa.

Kama munafikiri tunatisha watu bure, tazameni majirani. Kule Katanga ya zamani, watafiti wa Iniversite ya Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Mwaka 2009 waliandika kwamba kobalti waliyokuta ni kati ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupatikana kwa raia wa kawaida popote duniani. Hawakuwa wafanyakazi wa mgodi tu. Walikuwa mama na watoto. Mwaka 2021 uchafu wa mgodi wa almasi ulitoka Angola ukaingia mto Tshikapa na Kasai, na waziri wa mazingira wakati ule, Ève Bazaiba, alitangaza kwamba watu 12 wamekufa. Na tarehe 18 Februari 2025, ngambo ya mpaka, Zambia, ukuta wa bwawa la uchafu wa kampuni ya Sino-Metals ulibomoka karibu na Chambishi, asidi na metali zikaingia mtoni mpaka Kafue. Muji wa Kitwe ukakatiwa maji. Serikali ikatuma mpaka ndege za jeshi kumwaga chokaa juu ya mto. Ndege! Hapo nani angekuja na gunia la maganda ya ndizi?

Kuko pia mifano inayotupa moyo. Nakuru, inchi ya Kenya, shida yao ni floridi, inatoka ndani ya mawe ya Bonde la Ufa yenyewe, inaharibu meno na mifupa. Jimbo katoliki la Nakuru lilianza miaka ya 1990 kuchoma mifupa ya ng'ombe, takataka ya machinjio, kuifanya makala ya mifupa na kuijaza ndani ya matanki ya kuchujia. Imefanya kazi. Lakini angalieni kilichofanya ikafaulu: walikuwa na maabara ya kupima, na walikuwa na watu wa kubadilisha mifupa inapojaa. Mfupa peke yake haukutosha.

Na Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha bateri za zamani kilijaza risasi ndani ya hewa, udongo na maji ya watu. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani pale, Phyllis Omido, akakuta mtoto wake ana risasi ndani ya damu. Hakutafuta chujio. Alikusanya majirani. Walipigwa, walifungwa, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ukavunjwa kwenye rufaa, wakapanda tena, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia haki. Miaka zaidi ya kumi. Tunawaambia hii ili mtu asifikiri tunaahidi jambo la wiki mbili.

Sheria sisi tuko nayo. Katiba, kifungu cha 48, inasema haki ya maji ya kunywa. Kifungu cha 53 kinasema haki ya mazingira safi. Kode ya Madini ilivyobadilishwa mwaka 2018, kifungu cha 285 bis, inasema mwenye haki ya kuchimba analipa hasara aliyoletea watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa lililoonekana. Someni tena: hata bila kosa. Haitoshi aseme "ni mvua". Mkataba wa Ziwa Tanganyika uliotiwa sahihi Dar es Salaam mwaka 2003 na inchi zote nne za ziwa unasema mwenye kuchafua njo mwenye kulipa. Na ile Kode inatoa asilimia 25 ya ushuru wa madini kwa jimbo, asilimia 15 kwa vyombo vya chini, na asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya watu wa fasi inapochimbwa. Kwa hiyo pesa ya kununua mashine moja ya kupima metali ndani ya maji, Leta isituambie haijulikani itatoka wapi.

Wala isituambie hakuna watu. Ndani ya ukumbi huu kuko wenye lisanse ya kemia, ya agronomi, ya jeolojia, wanaouza krediti ya simu kwenye meza au wanaobeba watu na pikipiki. Sisi wenyewe tunaosema hapa tumeketi bila kazi tangu tulipomaliza masomo. Tunajua kupima asidi ya maji. Tunajua kuchoma makala, kuyachekecha na kuyaosha. Kinachokosekana ni maabara na mtu wa kusaini.

Kwa hiyo tunaomba nini, wazi wazi, ili kesho asitokee mtu kusema vijana wa Kalemie hawajui wanachotaka. Tunataka mito yote inayoingia ziwani kwenye upande wetu ipimwe zebaki, risasi, kadimi na arseniki, maji pamoja na matope ya chini, mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, na majibu yabandikwe ukutani kwenye ofisi za komini kwa Kiswahili. Ndakala na mikebuka vipimwe vilevile. Hakuna ruhusa ya kutema maji machafu bila bwawa, chokaa na chujio kwenye bomba lenyewe. Kampuni ikitaka kutumia makala ya maganda, inunue maganda hayo kwa wamama wanaokamua mawese na kumenya muhogo, kwa bei inayojulikana, na ilipe pia kuyaondoa yakishajaa. Wachimbaji wadogo wasifukuzwe kwa fimbo, wapewe vifaa vya kukamata moshi wa zebaki na wafundishwe njia nyingine.

Kuko atakayesema tunaharibu mradi kabla haujafika, wawekezaji watakimbia. Kampuni inayokimbia sababu imeombwa ipime maji yake, tungependa ikimbie mapema, kabla bwawa lake halijajengwa juu ya kijiji cha mtu.

Upande wetu tunaanza wiki ijayo. Tunahitaji chupa za plastiki mpya za nusu lita, zisizowahi kuwa na soda wala mafuta. Kila fasi tutachota chupa tatu: moja juu ya mahali panaposhukiwa, moja palepale, moja chini yake. Usichote na kikombe cha metali. Suuza chupa mara tatu na maji ya mto ule ule kabla ya kujaza. Andika juu yake siku, saa, jina la mto, na nani alichota. Piga picha ya fasi yenyewe, si ya uso wako. Chupa za kupimwa metali zinatiwa asidi kidogo ili metali isishike ukutani mwa chupa, na hiyo asidi wataitia wenzetu wa kemia peke yao, mwingine asiiguse.

Barua kwa gavana na kwa bunge la jimbo iko kwenye meza pale mlangoni, kurasa mbili. Someni yote kabla ya kutia sahihi. Na wale wenye ile video kwenye simu: musiifute. Itumeni tena kwa wale mliowatumia, na chini yake muandike: klori inatiwa mwisho.